Mjukuu Wangu Aliacha Uhasibu Akafuata Sanaa za Maonyesho

Ndugu msomaji, mimi ni fundi cherehani. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi nimeshona nguo katika baraza ya nyumba yangu hapa Kisugu, mtaa ulio katika tarafa ya Makindye jijini Kampala, kati ya Nsambya, Namuwongo na Kabalagala, ubavuni mwa kilima cha Muyenga. Nashona sare za shule, nashona magauni ya arusi, na zaidi ya yote nashona gomesi, yale mavazi ya heshima ya akina mama wa Uganda yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Kwa cherehani hiyo, pamoja na vyumba viwili vya kupangisha vilivyo nyuma ya nyumba, nimemlea mjukuu wangu tangu alipokuwa na umri wa miaka 9, mama yake alipokwenda Oman kufanya kazi za nyumbani.

Siku moja ya mwezi wa Novemba mwaka 2024 alikuja kwangu kijana mmoja mwenye adabu. Alitaka nimshonee mavazi ya ngoma, seti 14, kwa ajili ya kikundi chao cha michezo ya kuigiza. Tulipatana bei, akaniachia kitambaa na karatasi yenye majina na vipimo. Alipokuwa akihesabu fedha za kutangulizia, mimi niliipitisha macho ile karatasi. Jina la 9 lilikuwa la mjukuu wangu.

Mwanzo nilidhani ni majina yanayofanana tu. Lakini fundi hasahau vipimo vya mtoto aliyemshonea sare tangu darasa la tatu. Kiuno kilikuwa chake, na kimo kilikuwa chake. Nilimwuliza yule kijana watu hawa hufanya mazoezi yao saa ngapi. Akajibu kwa furaha, "Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, Jajja, kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi." Jajja ndivyo vijana wa Kampala wanavyomwita kila mwanamke wa umri wangu. Nilishukuru, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Saa nane mchana ya Jumatatu, Jumatano na Alhamisi mjukuu wangu alikuwa, kwa kadiri nilivyojua mimi, darasani akisoma uhasibu.

Alikuwa ameanza mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa mjini. Nafasi ile hatukuipata kwa urahisi. Ada ya muhula mmoja ilikuwa sawa na ujira wangu wa kushona gomesi 30, na sehemu kubwa ya ada hiyo ilitoka Muscat kwa mama yake. Uhasibu tuliuchagua sisi wakubwa, kwa hoja kwamba kila ofisi ina vitabu vya hesabu, na mwenye cheti cha kazi hiyo hawezi kukosa meza ya kukalia. Yeye alinyamaza. Nasi tulikuchukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo ridhaa yake.

Jioni ile aliporudi nilimwekea chakula, nikangoja amalize kula. Kisha nikaiweka karatasi ya vipimo juu ya meza. Aliitazama kwa muda mrefu. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, kwa hiyo yeye huniita Bibi.

"Bibi," alisema, "nimeshindwa mitihani miwili ya mwaka jana. Si kwamba hesabu zinanishinda. Akili yangu haikai pale. Nataka kusomea kuimba, kucheza na kuigiza, vyote kwa pamoja, kama kazi."

Nilimjibu kwa maneno makali. Nilimwambia kwamba kucheza ngoma si elimu, kwa kuwa kila mtoto wa Uganda hucheza ngoma shuleni bila kulipia ada ya chuo. Nilimwambia kwamba mama yake anafua nguo za watu ili yeye asije akafua. Nilimwambia kwamba mwizi wa fedha na mwizi wa ada ni mamoja. Na mwishoni nikatoa neno lililomshangaza, nami pia likanishangaza: "Katika ukoo huu jukwaa lilikwisha mwaka 1977."

Hapana budi nieleze neno hilo.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nasi tulikaa katika nyumba za reli za Nsambya. Majirani zetu walikuwa Wajaluo, Wasamia, Waacholi na watu wa makabila mengine mengi, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili. Kaka yangu mkubwa alikuwa na sauti nzuri mno. Alianza kuimba katika kwaya ya kanisa, kisha akajiunga na kikundi kimoja cha michezo ya kuigiza ya Kiluganda. Mwaka 1977 alikuwa na umri wa miaka 22, nami nilikuwa msichana wa miaka 15 niliyejua nyimbo zake zote kwa moyo.

Katika siku hizo jina kubwa katika michezo ya namna hiyo lilikuwa la Byron Kawadwa, mtunzi na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, lile lililofunguliwa Kampala mwaka 1959. Mchezo wake uliovuma kuliko yote, Oluyimba lwa Wankoko, aliushughulikia pamoja na mwanamuziki Wassanyi Serukenga. Haukuwa mchezo wa mazungumzo uliotiwa nyimbo mbili tatu za kuwapumzisha watu. Nyimbo na ngoma ndizo zilizoibeba hadithi. Mapema mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, Nigeria, kuiwakilisha Uganda katika FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi wa dunia nzima. Baada ya kurudi nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa. Mwezi wa Februari mwaka huohuo Askofu Mkuu Janani Luwum naye alikuwa ameuawa. Mji mzima ulikuwa ukinong'ona.

Kaka yangu hakuwa mtu wa kundi la Kawadwa. Alimjua kwa kumwona jukwaani tu, kama watu wengine. Lakini baba alizisikia habari zile kazini, akarudi nyumbani kabla ya saa yake ya kutoka. Alikusanya mavazi ya kaka ya kuigizia na daftari lake la nyimbo, akavitia moto nyuma ya nyumba. Hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Kesho utakwenda nami karakana." Mwaka ule ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli yake ikagawanywa, kila nchi ikachukua fungu lake. Kaka yangu alianza kazi katika reli ya Uganda akiwa kibarua, akastaafu akiwa fundi. Tangu siku ile ya moto sikumsikia akiimba tena, si kanisani, si arusini, wala si msibani.

Basi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu nilipomkemea mjukuu wangu. Yeye alidhani nazungumza juu ya ada.

Jumapili iliyofuata tulimpigia simu mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mama, mimi nalala katika chumba kisichokuwa na dirisha ili yeye apate kiti cha ofisini. Leo unaniambia amechagua kucheza?" Sikuwa na jibu. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa karibu nami, akayasikia yote, wala hakujitetea. Alikwenda uani akaosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Nikaita wazee wa ukoo. Walikuja watano, wakanywa chai, wakasema yale ambayo wazee husema. Mmoja alikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mwingine akasema mwana akililia wembe mpe, akijikata atajifunza. Mimi nilikuwa nikimngoja kaka yangu peke yake. Nilikuwa na hakika kwamba atamkataza, na kwamba katazo la mtu aliyeyaonja mambo hayo lingeumaliza ubishi.

Kaka yangu alimwuliza maswali matatu tu. Mwalimu wako ni nani? Kosa lako kubwa analolisema mwalimu ni lipi? Pumzi ikikwisha katikati ya ngoma, na ubeti haujakwisha, unafanya nini? Mjukuu wangu akajibu la kwanza. La pili akajibu kwamba huinua mabega anapovuta pumzi. Kwa la tatu alisimama akamwonyesha: goti likiwa limepinda, tumbo likijaa badala ya kifua, akaiiba pumzi fupi mahali ambapo ngoma inapiga na sauti haina neno. Kaka yangu akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe.

Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu," alisema, "baba hakunikataza kwa sababu kuimba ni upuuzi. Alinikataza kwa sababu wakubwa wa siku zile waliogopa watu wanaoimba, na mtu mwenye hofu huua. Baba alikuwa na haki. Lakini mwaka ule si mwaka huu. Ukimkataza mtoto huyu kwa ajili ya ada, nitakubaliana nawe. Ukimkataza kwa ajili yangu, sitakubali."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinikata maini, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nilikuwa na hofu mbili ndani ya moyo mmoja, nami nilikuwa nimezipa jina moja. Hofu ya kwanza ilikuwa ya fedha: mtoto atakula nini? Hofu hii ni halali, na inaweza kuchunguzwa kwa kalamu na karatasi. Ya pili ilikuwa hofu ya mwaka 1977, ambayo haihusiani na mtoto aliyezaliwa mwaka 2004. Nikaazimia kuichunguza ile ya kwanza, na ile ya pili kuiacha ilale na waliokufa.

Kwa hiyo nilipokwisha shona yale mavazi 14 niliyapeleka mwenyewe mahali pao pa mazoezi, katika ukumbi mdogo karibu na Kabalagala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa tatu.

Walikuwa wakifanya zoezi la mchezo mmoja wenye baakisimba ndani yake, ile ngoma ya Buganda ambayo wazee husema ilitokana na wale waliopanda migomba iliyotoa pombe ya Kabaka. Wapigaji walikuwa na ngoma kubwa, embuutu, na ndogo yake, empuunyi, na ile ndefu iitwayo engalabi inayowambwa kwa ngozi ya kenge. Nilikuwa nimeiona baakisimba mara mia katika sherehe, nami nilidhani naijua. Sikupata kujua kwamba mchezaji aliyepinda magoti na kutikisa kiuno kwa kasi ile anaweza kutakiwa, wakati huohuo, kuimba ubeti mrefu kwa sauti isiyotetemeka, na tena uso wake uwe wa mjane anayeficha kilio, kwa kuwa hivyo ndivyo hadithi inavyotaka. Sehemu moja ya dakika mbili waliirudia mara 11. Mara ya 7 mjukuu wangu alikosea hatua, mwalimu akasimamisha ngoma, wote wakaanza upya, wala hakuna aliyenung'unika. Nilikumbuka jinsi nilivyojifunza ushoni, nikifumua pindo moja kutwa nzima mpaka likanyooka.

Jambo lingine nililiona kwa jicho la kazi yangu. Wasichana walipovaa nguo zangu mpya na kuanza kuimba, sauti zao zilipungua. Mwalimu hakuelewa sababu. Mimi nilielewa: mikanda nilikuwa nimeishona kwa vipimo vya mtu aliyesimama wima, nao wanavuta pumzi kwa tumbo. Niliirudisha mikanda yote nyumbani, nikaongeza nafasi ya inchi mbili na kutia vifungo vya kulegeza. Siku hiyo nilifahamu kwamba kazi yao ina kanuni zake, na asiyezijua ataiharibu hata akiwa na nia njema.

Baada ya hapo nilianza kuuliza, kama mtu anunuaye kiwanja. Nilijua kwamba Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na idara ya muziki, ngoma na maigizo tangu mwaka 1971, na kwamba siku hizi inaitwa Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Hapo ndipo alipofundisha hayati Rose Mbowa, mwigizaji na mtunzi, ambaye mwaka 1987 aliandaa mchezo uitwao Mother Uganda and Her Children, akizikusanya nyimbo na ngoma za makabila mbalimbali ya nchi hii katika hadithi moja, wakati taifa lilipokuwa likitoka vitani. Kwa ninyi wasomaji wa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi ni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, yaani TaSUBa. Kule pia mwanafunzi hafungiwi katika fani moja. Muziki, ngoma na maigizo hukaa chini ya paa moja. Mjukuu wangu aliifikiria sana Bagamoyo, kwa kuwa Kiswahili anacho. Kilichotuzuia ni nauli na umbali.

Kuhusu wale waliodhani kwamba mtu akianza somo moja akalihama basi amepotea, nilipata mfano mmoja ulionituliza. Robert Serumaga, mmoja wa magwiji wa maonyesho wa Uganda, alisomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, huko Ireland. Aliporudi nyumbani akaanzisha kikundi cha maonyesho, na baadaye kikundi cha Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi. Mchezo wake Renga Moi, uliojaa nyimbo, ngoma na miondoko ya mwili, ulisafiri mpaka London mwaka 1975. Na uchumi wake haukupotea bure: baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979 alipewa uwaziri wa biashara. Alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa bado kijana. Simtaji ili kusema kwamba kila mwenye kuacha darasa atakuwa Serumaga. Namtaja ili kusema kwamba elimu ya kwanza haifutiki kwa sababu mtu ameanza ya pili.

Sasa nirudi kwenye kalamu na karatasi. Hasara ipo, nami sitaificha. Alikwisha lipiwa mihula mitatu ya uhasibu, na masomo yale hayakuhesabiwa popote katika sanaa. Ilimpasa kuanza upya mwaka wa kwanza. Kwa hesabu yangu hizo ni gomesi 90. Mtu asikudanganye kwamba jambo hilo ni dogo.

Hata hivyo, mapato nayo yapo, ingawa ni ya kubahatisha. Hapa Uganda hakuna sherehe ya posa, ile iitwayo kwanjula, iliyo kamili pasipo waimbaji na wachezaji. Kuna arusi, kuna mahoteli, na kuna Kituo cha Ndere huko Ntinda, ambako watu hulipa kiingilio kutazama ngoma za nchi nzima. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama The Ebonies na Bakayimbira Dramactors vilijaza kumbi kwa watu wa kawaida waliotoka makazini. Lakini nilikumbuka vilevile kwamba mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga kumbi zote, wala hazikufunguliwa mpaka mapema mwaka 2022. Anayekula kwa kuimba anapaswa kuwa na chungu kingine jikoni.

Tulikaa sisi watatu, mimi, kaka yangu na mtoto mwenyewe, tukawekeana masharti, naye mama yake akayasikiliza kwa simu.

Sharti la kwanza: haruhusiwi kutoroka. Aliandika barua ya kuacha masomo, akaipeleka mwenyewe chuoni, akatakiwa kuwaaga walimu wake kwa adabu. La pili: mpaka muhula mpya wa Agosti 2025 atafanya kazi nami kwenye cherehani kutwa, na jioni kwenye kikundi, ili ionekane kama shauku yake inavumilia uchovu. La tatu: atashika vitabu vya hesabu vya kikundi. Hili alilikubali mara moja, na kumbe kikundi hakikuwa na mtu wa kazi hiyo. Fedha za kwanjula zilikuwa zikigawanywa kwa kukisia. La nne lilikuwa langu mwenyewe: mazoezi yakipita saa moja usiku, harudi peke yake. Barabara ya Kabalagala usiku si mahali pa msichana mmoja, na hakuna sanaa inayostahili kuharibiwa maisha kwa kukosa nauli ya bodaboda iliyo salama.

Mama yake hakutoa jibu siku ile. Tulimtumia picha za video za zoezi la dakika mbili, lile la mara 11, tukamwachia. Siku tatu zilipita. Alipopiga simu alisema, "Sikujua kwamba ngoma ni kazi ngumu namna hiyo." Kisha akasema kwamba mkataba wake umebakiza miaka miwili, na kwa miaka hiyo atalipa nusu ya ada, nusu nyingine mtoto aitafute mwenyewe. Sikuona neno la kuongeza.

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 mjukuu wangu alianza upya mwaka wa kwanza, miongoni mwa vijana aliowazidi umri kwa miaka miwili. Anajifunza kusoma muziki ulioandikwa, jambo ambalo lilimliza mwanzoni. Anajifunza kutumia sauti, kuchambua michezo, na kupanga taa za jukwaa. Jumamosi nyingi yuko kwenye kwanjula za watu, akirudi na bahasha ambayo mara nyingine ni nene na mara nyingine haitoshi hata nauli. Daftari lake la hesabu ni safi kuliko langu.

Je, atapata riziki? Sijui. Wala sikujua kama angeipata kwa uhasibu, maana nawaona wahasibu vijana hapa Kisugu wakiuza vocha za simu. Ninachojua ni kwamba zamani alikuwa akitoka asubuhi akiwa na uso wa mtu aendaye kliniki, na sasa anatoka akiwa anahesabu hatua kwa midomo.

Wazazi na walezi wenzangu, siwaambii kwamba kila mtoto alilialo apewe. Nawaomba mambo machache tu. Mtoto akinyamaza unapomchagulia somo, usiseme amekubali. Mwulize tena, na mara ya tatu. Akitaka kuhama, mwulize mwalimu wake ni nani na kosa lake ni lipi, maana mwenye shauku ya kweli anayajua makosa yake, na mwenye tamaa ya kupita anajua sifa zake tu. Nenda ukaione kazi yenyewe kwa macho yako kabla ya kuihukumu. Hesabu hasara waziwazi, mtoto akiwepo, asije akadhani kwamba ada huota mtini. Na kabla ya kusema hapana, jichunguze kama hapana hiyo ni ya mtoto huyu, au ni ya mtu mwingine wa zamani ambaye hukupata nafasi ya kumlilia.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipotoa onyesho lao dogo, nilikwenda na kaka yangu. Tulikaa safu ya pili. Ulipofika wimbo wa mwisho, ambao ni wa zamani na watu wengi wanaujua, ukumbi uliitikia kiitikio, nami nikasikia upande wangu wa kulia sauti nzito ya chini, yenye mikwaruzo ya uzee, ikiitikia pamoja nao. Sikugeuka kumtazama. Miaka 48 ilikuwa imepita, nami sikutaka aone haya akaacha.